Ndege 27

Mara ya kwanza kuona mtu mweusi akirusha ndege ya kivita nilikuwa na miaka kama kumi na miwili, nimebanwa kwenye benchi la mbao kwa video moja hapa Majengo, Pumwani. Kiingilio kilikuwa bob kumi. Nje jua la saa nane, ndani giza na jasho. Movi yenyewe ilikuwa Red Tails. Aliyeitafsiri hakuwa DJ Afro mwenyewe, alikuwa mmoja wa wale wengi waliokuwa wakimwiga, na kazi yake aliifanya kwa roho safi. Kila rubani mweusi alipewa jina la mtaa. Kila Mjerumani alitukanwa. Ndege ya adui ikilipuka, video nzima ilisimama kama vile Gor imefunga dakika ya tisini.

Nilitoka pale na kitu kimoja kichwani: kwamba hao wasee, marubani weusi wa Marekani, hawakuwahi kupoteza hata ndege moja waliyopewa kuilinda. Hata moja. Sikumbuki kama niliisikia kwa movi yenyewe au DJ aliongeza chumvi. Nilichokumbuka ni ile sifuri. Niliibeba miaka mingi, nikiwarushia watu kwa mabishano ya baraza.

Si kweli. Na imenichukua muda kukubali kwamba ukweli wenyewe ni mzuri kuliko ile sifuri.

Tuanze na waliokuwepo. Mwaka wa 1941 jeshi la Marekani lilifungua mafunzo ya marubani weusi huko Tuskegee, Alabama, baada ya kusukumwa miaka mingi. Jeshi lenyewe halikutaka. Mwaka wa 1925 chuo chake cha kivita kilikuwa kimeandika ripoti iliyosema kwamba mtu mweusi hana akili wala ujasiri wa kazi kubwa za vita, na ripoti hiyo ilikuwa bado inasomwa. Wa kwanza watano walihitimu Machi 1942. Mmoja wao alikuwa Benjamin O. Davis Jr., ambaye alikuwa amemaliza West Point mwaka wa 1936 baada ya miaka minne ya kunyamaziwa na wanafunzi wenzake. Miaka minne hakuna anayekuongelesha isipokuwa kwa kazi. Fikiria kukaa kwa bweni hivyo.

Kikosi cha kwanza, cha 99, kilipelekwa Afrika Kaskazini 1943. Baadaye wakaunganishwa na wenzao kwenye kundi la 332 huko Italia, wakapewa ndege za P-51, wakapaka mikia rangi nyekundu. Kazi yao kubwa ilikuwa kusindikiza ndege za mabomu za wazungu kwenda kupiga maeneo ya Wajerumani na kuzirudisha. Walitungua ndege 112 za adui. Baadhi yao walikufa.

Stori ya sifuri ilianzia gazetini. Machi 1945, vita ikielekea kuisha, gazeti la watu weusi la Chicago Defender liliandika kwamba marubani hao hawajapoteza hata ndege moja ya mabomu kwa ndege za adui. Ikarudiwa miaka sitini, kwenye vitabu, hotuba, mabango. Mwishoni mwa 2006 watafiti wawili, Daniel Haulman wa idara ya historia ya jeshi la anga na William Holton, mwanahistoria wa chama cha marubani hao wenyewe, walisema rekodi za vita hazikubaliani na hiyo stori. Haulman aliendelea kuchimba, ripoti moja baada ya nyingine, akafika kwenye hesabu ya ndege 27.

Sasa hapa ndipo watu huacha kusoma. Wanasikia "27" wanafikiri shujaa amevuliwa nguo. Lakini Haulman aliangalia pia makundi mengine yaliyofanya kazi hiyohiyo chini ya jeshi hilohilo la anga. Wastani wao ulikuwa 46. Rudia hesabu polepole: watu ambao jeshi lao lilisema hawana akili ya kurusha ndege walipoteza zaidi kidogo ya nusu ya waliyopoteza wenzao. Hiyo si aibu. Hiyo ni kazi safi, yenye damu ndani, iliyofanywa na watu wanaoweza kukosea.

Sifuri ni muujiza, na muujiza hauhitaji mtu.

Ndiyo maana Red Tails inaniudhi zaidi nikiiangalia leo. Ilitoka Januari 2012, miaka mitano baada ya utafiti ule, na haigusi hesabu hiyo kabisa. Mkurugenzi ni Anthony Hemingway, lakini nguvu na pesa ni za George Lucas, aliyetoa dola milioni 58 za mfuko wake kwa sababu studio, alivyosema mwenyewe kwenye televisheni, hazikutaka filamu yenye waigizaji wakuu weusi watupu. Kwa hilo namheshimu. Na ndege zinaruka vizuri, siwezi kudanganya. David Oyelowo anacheza Lightning, rubani kichwa ngumu, kwa raha inayoambukiza. Lakini Terrence Howard anahutubia kama mnara wenye sauti, na Cuba Gooding Jr. anavuta kiko zaidi ya anavyoongea. Hawa si watu, ni majibu. Filamu nzima inajibu ile ripoti ya 1925: tazama, tuna akili, tuna ujasiri, tuna nidhamu. Mtu anayejibu swali la kijinga kwa saa mbili hana nafasi ya kuuliza lake.

Angalia suala la klabu. Mapema kwenye filamu, Lightning anaingia klabu ya maafisa wazungu, anatukanwa, ngumi zinaruka. Baadaye, wakishathibitisha uwezo wao angani, wazungu haohao wanawakaribisha na kuwanunulia kinywaji. Video yetu ilipiga makofi hapo. Mimi pia. Ujumbe ulikuwa wazi: fanya kazi vizuri, utafunguliwa mlango.

Halafu soma kilichotokea Aprili 1945 kwenye kambi ya Freeman Field, Indiana. Maafisa weusi wa kikosi kingine kilichotokana na mafunzo hayohayo walijaribu kuingia klabu ya maafisa, wakakamatwa. Kamanda akatengeneza sheria ya kuwatenga, akawataka waisaini. Maafisa 101 wakakataa, na kwa jeshi, kukataa amri wakati wa vita kunaweza kukuua. Hii ni baada ya mikia myekundu kusindikiza ndege mpaka Berlin mwezi uliotangulia na kutungua jeti tatu za Wajerumani siku hiyo. Uwezo ulikuwa umeshathibitishwa kabisa. Mlango haukufunguka. Ubaguzi jeshini ulikuja kupigwa marufuku kwa amri ya Rais Truman, Julai 1948, na watu kama wale 101 walichangia kuisukuma kuliko kinywaji chochote.

Kwa hiyo ninaposema filamu si sahihi kihistoria, sizungumzii kama rangi ya ndege ni ile au bunduki ilikuwa ya mwaka gani. Kuna wazee wa intaneti wa kazi hiyo. Nazungumzia uongo kuhusu jinsi dunia inavyofanya kazi.

Hata jina la kanali. Howard anaitwa Bullard, ingawa nafasi yake ni ya Davis. Eugene Bullard alikuwa mtu halisi: Mmarekani mweusi aliyeruka ndege za kivita kwa niaba ya Ufaransa mwaka wa 1917. Nchi yake ilipoingia vitani iliwachukua marubani wenzake wazungu, yeye ikamwacha. Alirudi New York miaka ya arobaini na akaishia kuendesha lifti kwenye jengo la Rockefeller Center. Jina lake limewekwa kwenye filamu kama heshima, lakini lifti haimo. Mimi ningelipa bob kumi kuona hiyo lifti.

Kabla ya Lucas kulikuwa na filamu ya televisheni ya 1995, The Tuskegee Airmen, na Laurence Fishburne mbele na Cuba Gooding Jr. huyohuyo akiwa kijana. Ni ndogo kwa pesa na kubwa kwa subira: inakaa Alabama muda mrefu kabla ya kwenda vitani, unaona mafunzo yakiwachuja watu. Nao wanajibu, lakini angalau wanachoka. Mwaka wa 2024 ikaja Masters of the Air, mfululizo wa vipindi tisa kuhusu marubani wa ndege za mabomu. Marubani wa Tuskegee wanaingia kipindi cha nane. Cha nane! Mmoja wao anachezwa na Ncuti Gatwa, kijana aliyezaliwa Kigali akalelewa Scotland. Nilikaa macho kumsubiri jirani yetu huyo, nikamwona dakika chache, wakatunguliwa, wakapelekwa kambi ya mateka. Walitunguliwa kweli, Agosti 1944, kusini mwa Ufaransa, na kambi ilikuwa kweli. Kila kitu ni sahihi. Lakini usahihi pia una saizi. Ukimpa mtu dakika zake za kweli kwenye kona, umesema ukweli kuhusu tukio na umedanganya kuhusu uzito wake.

Filamu iliyonifanya nikae kimya ni Devotion ya 2022, ya J.D. Dillard, ambaye baba yake mwenyewe aliruka na jeshi la majini. Ni hadithi ya Jesse Brown, mtoto wa wakulima wa kukodi shamba huko Mississippi, rubani mweusi wa kwanza kumaliza mafunzo ya jeshi la majini la Marekani. Alikufa Korea tarehe 4 Desemba 1950, akiwa na miaka 24. Ndege yake iliangushwa kwenye theluji, mguu ukanaswa. Mwenzake mzungu, Tom Hudner, aliangusha ndege yake mwenyewe makusudi pembeni ili amtoe. Alishindwa.

Ina makosa yake. Mara nyingi tunamwangalia Brown kupitia macho ya Hudner, kana kwamba tunahitaji mzungu wa kutushika mkono. Lakini kuna onyesho moja ambalo Jonathan Majors amesimama mbele ya kioo anajitukana. Ana daftari ambamo ameandika kila neno baya aliloitwa, na anajisomea mwenyewe, machozi yakitoka, ili apate nguvu. Huyu hajibu ripoti ya mtu. Huyu anatuonyesha kujibu kunagharimu nini. Na mwisho wa filamu uokoaji unashindwa, kwa sababu kweli ulishindwa, na hakuna aliyejaribu kuurekebisha. Hiyo ni 27 yao. Ilinipiga kuliko milipuko yote ya Lucas.

Pengine inanigusa kwa sababu ninajua kuishi chini ya sifuri. Nilikuwa wa kwanza kwa ploti yetu kwenda chuo kikuu. Watu walichanga. Nilipoacha mwaka wa pili, karo imekwama na kichwa kimekwama zaidi, mathe hakuambia majirani kwa miezi minane. Mtoto wa Majengo akienda chuo haendi kama mwanafunzi, anaenda kama ushahidi. Ushahidi hauruhusiwi kufeli somo moja.

Sasa turudi nyumbani, maana sikuandika haya yote kwa ajili ya Alabama.

Ukitoka Majengo kwa miguu hufiki mbali kabla ya kufika Kariokor. Jina hilo ni Carrier Corps likiwa limetafunwa na midomo yetu, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza kwenye vita ya kwanza ya dunia na kufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara. Sisi tunapajua kwa soko na nyama choma. Kenyatta Avenue kuna sanamu yao ya 1928, wanaume watatu wa shaba, na vijana hukaa chini yake wakisubiri tarehe za simu zijibiwe. Vita ya pili nayo ikaja. Wakati vijana wa Tuskegee wanapaka mikia rangi, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa kwa King's African Rifles, wakipelekwa Burma. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyowabeba kutoka Kilindini, ilipigwa na nyambizi ya Japani katikati ya Bahari ya Hindi. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Nyambizi ikajificha chini ya waliokuwa wakielea, na meli za Uingereza zikaamua kudondosha mabomu ya majini palepale, watu wakiwa bado majini.

Sijawahi kukaa kwa sinema yoyote nikaona hilo. Na ninaogopa siku tutakayolitengeneza, kwa sababu najua tutafanya nini. Tutampa jina askari mmoja mrembo, tutamfanya apige mbizi na kuokoa watu hamsini, na tutaandika mwishoni kwamba hakuna Mwafrika aliyeogopa.

Najua kwa sababu nyumbani kwetu tulishafanya.

Baba yake nyanya alienda Burma. Kwetu kila mtu anajua stori yake: Babu alipiga ndege ya Mjapani kwa bunduki, ikaanguka msituni. Darasa la saba niliandika insha juu yake nikapata 36 kwa 40. Mwaka jana, nikiandaa haya, nilimwendea nyanya na simu ya kurekodi.

"Nani alikwambia alipiga ndege?" akaniuliza.

"Si nyinyi wote, nyanya."

"Mimi sikusema alipiga. Nilisema alikuwa akizungumzia ndege. Mjomba wako ndiye alimpa bunduki."

Babu alikuwa dereva wa lori. Mwaka wa 1944 kikosi cha Afrika Mashariki kilipita bonde la Kabaw wakati wa masika, na barabara ikageuka uji. Malori yakazama, wakabeba mizigo mgongoni, kama wale wa Kariokor kabla yao. Chakula hakikuweza kufika kwa barabara, kwa hiyo kilitoka juu. Ndege zilipita na kudondosha mizigo msituni.

"Alisema walikuwa wakilala njaa wakisikiliza," nyanya akasema. "Wakisikia mlio wanapiga kelele kama watoto. Gunia likikosa mwavuli, kimbia. Mwenzake alivunjwa bega na unga."

Hiyo ndiyo ndege. Hakuitungua, aliisubiri.

Nikadhani tumemaliza, nikazima simu. Nyanya akaendelea, na hii naiandika kwa kumbukumbu. Alikuwa mdogo, miaka ya Emergency, wanaishi hapahapa Majengo. Kambi ya ndege ya Eastleigh wakati huo ilikuwa ya Waingereza, na kati ya 1953 na 1955 ndege kubwa za Lincoln ziliondoka pale kwenda kumwaga mabomu Aberdare na Mlima Kenya, kwa wapiganaji wa msituni.

"Baba alikuwa akisikia ndege lazima atoke nje aangalie," akasema. "Hata kama anakula. Anasimama hapo mlangoni anatabasamu. Halafu siku moja watu wakamwambia zinaenda wapi. Akaacha kutoka."

Nilikaa pale na soda imepoa. Insha yangu ya 36 kwa 40 haikuwa na mlango huo. Stori ya mjomba haikuwa nao. Tulimpa Babu bunduki kwa sababu tulidhani dereva mwenye njaa hatoshi, na kwa kumwongezea ndege moja ya uongo tukampotezea zote za kweli.

Kwa hiyo kama uko River Road na kamera, na unatafuta stori ya vita ambayo ni yetu, sikuombi bajeti ya Lucas. Nataka lori limezama kwenye tope na wanaume wanaangalia juu. Anayeogopa aogope. Ndege ikichelewa, ichelewe. Na baada ya miaka kumi, mlango mmoja Majengo, mtu anakula, mlio unapita juu ya mabati, naye haamki.

Ile video ya bob kumi ilifungwa kitambo, sasa ni duka la M-Pesa. Nyanya ameniomba nikishachapisha nimsomee, na nimsomee pia mjomba.